Faili la Mama Kabula

Mama,

Shikamoo. Tangu uondoke sina tena wa kumwamkia nyumbani. Nikienda Segese mimi ndiye ninayeamkiwa. Watoto wa jirani wanapita mlangoni, "Shikamoo dada," nami naitikia marahaba kama mwenye nyumba, halafu naingia ndani, nakaa kwenye kigoda chako na sijui nifanye nini. Ndiyo maana nakuandikia. Kazi yangu unaijua, kushinda nawachapia na kuwajazia watu mambo yao. Leo nimefunga steshenari mapema ili niandike yangu.

Nianze na lililo baya, maana hukupenda mtu wa maneno ya kuzungukazunguka. Siku tunakuzika, wasifu wako niliuandika mimi. Mama mdogo alinipa majina ya ukoo, mengine nikaweka mwenyewe. Mzee wa kanisa akausoma kaburini kwa sauti ile yake ya kuvuta: ameacha mtoto mmoja, Kabula, mhitimu wa chuo kikuu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama, mimi sikuhitimu. Mwaka wa pili nilifeli hata mitihani ya marudio, nikapewa barua ya kuondolewa masomo. Wenyewe tunaita kudisko. Nilishuka basi Shinyanga na godoro langu, Segese sikufika. Nikapata kazi hapa, nikakuambia niko mafunzo kwa vitendo. Muda ukapita nikakuambia nimemaliza, kadi za wageni ni chache, usijisumbue na safari. Nikaenda studio wakanivisha joho la kukodi, nikakuletea picha. Uliipokea kwa mikono miwili, ukaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Sasa nikuambie yaliyotokea.

Simu yako ya vitufe bado ninayo. Naichaji pamoja na yangu. Haileti kitu cha maana: matangazo, na mama lishe mmoja wa Rwamgasa ambaye bado anapiga kuuliza mchele wa safari hii ukoje, kila akipiga namwambia hupo tena, naye kila mara anaanza kulia upya. Wiki tatu zilizopita ikaingia meseji. "Ndugu MAMA KABULA, wewe ni mmoja wa wafadhili wa chuo chetu. Tunahakiki taarifa binafsi za wahitimu na wafadhili wote. Tafadhali thibitisha, sahihisha au omba zifutwe. Usipojibu ndani ya mwezi huu, taarifa zako zitaondolewa." Na chuo chenyewe ni kilekile.

Nilisoma mara nyingi. Mfadhili? Wewe, Mama, wa kibanda cha mchele Segese? Kisha nikakumbuka gunia la mwaka wa kwanza. Nilikupigia simu nikakusimulia, kama umbea tu, kwamba mwenzangu wa chumbani anashindia uji mweupe. Ukafoka: "Mtoto wa watu asome na njaa, na mimi nauza mchele?" Ukapakia gunia kwenye fuso, likafika ofisi ya mshauri wa wanafunzi limeandikwa kwa makaa MAMA KABULA. Nilijificha bwenini siku nzima kwa aibu. Nilidhani yaliishia pale.

Nikaipigia simu ofisi iliyotuma meseji. Dada aliyepokea alinipa pole nzuri, halafu akasema kilichomo kwenye faili lako hawezi kunisomea kwenye simu, sheria ya taarifa binafsi hairuhusu. Niende na cheti cha kifo na kitambulisho changu.

Ningeweza kunyamaza. Mwezi ungeisha, wangekuondoa, na hakuna ambaye angeulizia. Lakini Mama, nimekwishaona vitu vyako vikiondoka kimoja kimoja. Kibanda sokoni wamempa mtu mwingine, anauza vocha na soksi. Kwenye daftari la kikundi cha akina mama, jina lako limepigwa mstari kwa rula, vizuri kabisa. Hata shuka zako zimeacha kunukia wewe. Sikutaka na hili lifutwe huku mimi nipo nimekaa. Lakini pia sikutaka kuingia geti lile tena. Siku nne nilizunguka na cheti chako mkobani, naenda nacho kazini, narudi nacho.

Siku ya tano nikapanda basi.

Ofisi siku hizi ina viyoyozi na bango ukutani, limeandikwa Taarifa Zako ni Haki Yako. Aliyenihudumia ni karani mtu mzima, Bwana Mathayo, miwani imeshikizwa kwa uzi. Akapokea cheti, akatazama kompyuta, akatazama cheti tena. "Dada, hapa pameandikwa Milembe Luhende. Mfadhili wetu ni Mama Kabula. Huku hawa ni watu wawili."

Nilitaka kucheka. Kwetu nani anamwita mama wa mtu kwa jina lake? Jina la Milembe hata mimi nililijua baada ya kujifunza kusoma, nililikuta kwenye kadi ya kliniki nikakuuliza huyu nani. Waliokuandikisha hapo chuoni walikuuliza unaitwa nani, nawe ukawajibu unavyoitwa. Nikamweleza hivyo. Akaelewa, maana naye ni baba wa mtu, lakini kompyuta haikuelewa. Akauliza, "Na huyo Kabula, kuna namna ya kumthibitisha?"

Mama, mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Ningesema narudi kesho. Namna ilikuwepo, tena ilikuwa moja tu: kwenye kompyuta ileile, pahali fulani, nilikuwemo mimi na jina la mama yangu, Milembe Luhende, nililoandika siku ya kujisajili. Ili wewe ujulikane, ilibidi mimi nifunguliwe. Nikamtajia namba yangu ya usajili. Sikuwa nimeisahau hata tarakimu moja, miaka yote hii.

Akaandika. Nikaona macho yake yanasimama, nikajua yamefika wapi. Nilisubiri aseme. Alivua miwani, akaniangalia usoni, akauliza taratibu, "Kumbe ndiye wewe?" Akaingia chumba cha ndani, akarudi na faili la kahawia limefungwa kamba.

Ndani mna fomu zako, Mama. Kila msimu fomu moja, ya mchele uliowaletea. Hukuacha hata baada ya mimi kuondoka pale. Kumbe wakati mimi nakwepa hata basi linalopita njia ile, wewe ulikuwa unapanda mbele ya fuso, na dereva, na mchele.

Bwana Mathayo akavuta kiti, akakaa upande wangu wa meza. "Dada, mimi ndiye niliyemwambia." Akanisimulia. Ule mwaka wa picha ya joho ulikuja na kitenge kipya, umechangamka, ukataka wakuandike mama wa mhitimu. Yeye akafungua daftari kutafuta jina langu ili akufurahishe. Hakuliona. Akatafuta nyuma, akaliona, akakusomea palepale dirishani, watu wamepanga foleni: mtoto wako alidisko mwaka wa pili. "Siku zile tulikuwa tunasema tu," akaniambia. "Mzazi akiuliza, unamsomea. Leo ningefukuzwa kazi, na ingekuwa haki. Yale yalikuwa yako, hayakuwa yangu ya kusema. Nisamehe."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira ilikuja, ikakosa pa kukaa, maana nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Ulijua. Ulirudi Segese na hilo moyoni, na mwezi uliofuata ukaja Shinyanga kama kawaida, ukakaa kwenye benchi langu la wateja, ukala ugali wangu na mlenda, ukauliza, "Kazi inaendaje, ng'wanone?" Unaniita mwanao, unaniuliza kazi, na unajua. Nami nakujibu inaenda, nakudanganya tena juu ya uongo unaoujua. Miaka sita, Mama! Kumbe tulikuwa wapweke wawili kwenye benchi moja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lilelile. Na ile picha hukuitundika. Ulisema vumbi la malori ya mgodi litaiharibu, ukaitia sandukuni, nami nilishukuru kwa siri kwa sababu sikutaka kuiona.

Mbona hukunichapa? Mbona hukunitukana? Ningelia siku moja yakaisha, halafu tungekuwa na hiyo miaka.

Kisha akanionyesha uliyoyaandika. Penye uhusiano wako na chuo, kwa mkono wako, herufi zile za kupanda mlima: Mama wa mwanafunzi. Hajamaliza. Juu yake kalamu nyekundu ya Bwana Mathayo imekata, imeandika hakumaliza. Fomu ya mwaka uliofuata: hajamaliza. Nyekundu: hakumaliza. Alidhani ni Kiswahili chetu cha Usukumani, kwamba mama huyu hajui tofauti, na yeye anakusaidia. Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nikitoka shule ya bweni nilikuwa nakusahihisha mbele ya wageni, sio hivyo Mama, inasemwa hivi, nawe unacheka tu na kuendelea kupepeta. Mwaka wa tatu akaona akueleze vizuri: mama, mtu akishaondolewa tunaandika hakumaliza. Ulivyomjibu hajasahau, akaniigia mpaka na sauti yako: "Akifa ndo mwandike hakumaliza, baba. Huyu bado anakula."

Foleni nzima ilicheka, anasema. Fomu zilizofuata hazina wino mwekundu.

Hapo ndipo nililia. Nililia vibaya, Mama, kilio cha kamasi, mpaka yule dada wa kwenye simu akatoka ofisini kwake na chupa ya maji.

Nilipotulia ikaja kazi yenyewe. Fomu za karatasi zinahamia kwenye kompyuta, na kompyuta haina nafasi ya maneno yako. Inataka uchague: mhitimu, mzazi wa mhitimu, mzazi wa mwanafunzi, mfadhili mwingine. Bwana Mathayo akanishauri tuchague mfadhili mwingine, ndiyo salama, jina litabaki na hakuna atakayeuliza. Nikamuuliza, na mzazi wa mwanafunzi? Akasema hiyo itadai namba ya mwanafunzi aliye hai kwenye masomo, na yangu imefungwa. Inaweza kuachwa wazi, ikingoja namba mpya, mpaka dirisha la udahili lifungwe. Isipojazwa, kompyuta yenyewe itakupeleka kwa wafadhili wengine, na hajamaliza yako itabaki kwenye karatasi, stoo.

Nina miaka thelathini na moja. Watoto ninaowajazia maombi ya vyuo wananiita anti. Nilisimama pale, Bwana Mathayo kidole chake kiko hewani, ananingoja kama mtu mwenye siku nzima.

Nikamwambia, andika mzazi wa mwanafunzi.

Jina nalo tumelinyoosha: Milembe Luhende, Mama Kabula, yote mawili, ili siku nyingine wasiseme mko wawili. Namba ya simu wameweka yangu, kwa hiyo simu yako haitaita tena kutoka kule. Penye hali ya mfadhili palikuwa na hai na marehemu. Bwana Mathayo alinigeuzia kioo cha kompyuta, akaangalia pembeni. Nilibonyeza mwenyewe. Sikutaka mgeni ndiye abonyeze.

Jana nimejaza maombi yangu ya chuo. Nimewajazia watu mamia nikiongea na kunywa chai, haya yangu yamenichukua nusu siku. Ni kuanza upya mwaka wa kwanza, ya zamani hawayahesabu. Kisha nikampigia mama mdogo nikamwambia ukweli wa wasifu, kwamba nilikuzika na uongo. Akasema, "Haya, tumesikia. Sasa msimu huu mchele nani anapeleka?" Nikamwambia napeleka mimi, nakaa mbele na dereva.

Sijui kama watanichukua. Wakinikataa nitaomba tena, nitamwomba Bwana Mathayo anisubiri, na akistaafu nitamwomba atakayekalia kiti chake. Kufaulu sikuahidi, nilishawahi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba sitakwambia tena jambo ambalo sijalifanya, hata sasa ambapo huwezi kuniuliza, na kwamba mtu akiniuliza elimu yangu nitamjibu ulivyowajibu wewe pale dirishani.

Nimekukosa, Mama. Benchi la wateja nimeliacha tupu upande wako ule, watu wanakaa bila kujua na mimi nawasogeza.

Wabeja, Mama, asante. Pumzika. Wewe umemaliza.

Mimi bado.

Kabula wako