Ile Chai ya Kijani Niliyokutumia

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili, ingawa moyo hauna raha. Goti lako linaendeleaje? Mahindi ya hapo Mautuma yamefika kiunoni? Mimi huku Japani bado nahudumia wazee kwenye makao yao, na baridi inanitafuna masikio.

Mama, tangu wakwe watarajiwa wa dada yangu Nafula waondoke hapo nyumbani kabla ya kumaliza mazungumzo ya mahari, sijala kwa amani. Baba Mdogo alinipigia siku hiyo hiyo akifoka: "Mama yako ametuaibisha! Chai chungu, rangi ya matope. Mzee wao akauliza, 'Kwani hapa wageni wanafukuzwanga na chai?' Wakaenda, wakaacha ingokho nzima, kuku wetu wa heshima, mezani, hata paja hawakugusa!" Nikasema tu, "Pole, Baba Mdogo." Kisha nikakata simu, nikakuacha ulaumiwe.

Ulikuwa umenipigia asubuhi ya siku hiyo, ukaniuliza, "Mwanangu, hii majani nachemshanga na maziwa kama yetu?" Nilikuwa nakimbilia zamu. Nikakujibu kwa ukali, "Mama, chai ni chai, pika tu." Na ni mimi niliyekusihi uwape wageni hiyo chai ya kijani ya huku, wajue una mtoto ng'ambo. Majivuno matupu.

Haipikwi hivyo. Chemsha maji peke yake, epua, yaache yapoe kidogo. Tia majani kijiko kimoja kidogo kwa kikombe, hesabu polepole hadi sitini, chuja, unywe. Maziwa hapana, sukari hapana. Ukiyachemsha yanakuwa machungu kama shubiri. Bibi mmoja ninayemhudumia alinifundisha wiki yangu ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Jana nilimpigia baba wa kijana anayemposa Nafula nikamweleza yote. Alisema watarudi baada ya mavuno. Halafu akaniuliza, "Na mama yako umemwacha abebe hii aibu mwezi mzima?" Baba Mdogo naye nimemwambia.

Nisalimie Nafula, na shangazi anayekusaidia kupalilia, na Kuka, babu yangu, mwambie koti aliloniagiza nimelipata.

Nafula ameniambia kwamba siku hizi wageni wakija unamwachia yeye chai, unasema mkono wako umeharibika. Nimelia, Mama. Mkono huo ndio umetulea. Nakuomba msamaha. Akija mgeni leo, mpikie wewe.

Mwanao aliyekukosea,
Wekesa