Diski za Shujaa Mwenye Mbawa

Wifi,

Kabla hakujakucha nilisikia deki ikimeza diski, halafu marehemu kaka yako akaanza kuongea sebuleni. Nikabaki kitandani nimeng'ang'ania shuka. Usinicheke. Kumbe ni mwanetu, anarudia zile filamu za mwanzo za shujaa mwenye mbawa, alizozitafsiri baba yake kwa Kiswahili, sauti yake juu ya picha.

Chai iko kwenye chupa. Sare nimeshapiga pasi, soksi mtafutie.

~~Diski mpe jirani, kama tulivyokubaliana.~~ Usimpe. Najua ulisema mtoto hatapoa tukizibakiza. Lakini leo nimekaa naye, nikaona anavyozipa alama. Ya tatu sifuri, eti mtafsiri ni mtu mwingine. Ya pili tano. Ya kwanza kumi. Nikamwambia, "Kumi za nini, na shujaa mwenyewe bado anajigonga ukutani?" Akaniambia nisubiri.

Basi katikati ya mapigano kaka yako, ambaye alikuwa akirekodia chumbani kwetu, anaacha kutafsiri na kusema, "Mke wangu, mbona mtoto analia? Mlete nimshike." Alisahau kukata kipande hicho. Na mimi nilishasahau kama aliwahi kukisema. Nikataka kuzima, wifi.

Nywele zake zichane taratibu. Nitachelewa, nina darasa jioni.

Wifi yako

Nilipomuuliza kama haogopi kuisikia sauti ile gizani, alisimamisha filamu akasema, "Mtoto anayelia ni mimi."