Viganja vya Mama na Krimu Yako ya Madini

Nyumba ya Dobi,
Chumba cha Uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiherehere,

U hali gani huko uliko? Kifua kimepona? Unakula, au bado unashindia chai? Sisi wazima, ila mwanangu ameota meno mawili na anatung'ata wote bila ubaguzi.

Krimu uliyotuma ilifika. Nilimsomea Mama maelezo yako yote: madini ya zinki, magnesiamu na shaba, mnavyoyachanganya hapo kiwandani ili ngozi ishike maji na kujenga upya ukuta wake. Akaguna, akapaka.

Mwezi ukapita, viganja vikabaki vimepasuka vile vile. Nawe hujui kinachomuumiza: tangu nijifungue hajampakata mjukuu wake hata mara moja. Anasema mikono iliyokaa kwenye sabuni miaka thelathini itamchubua mtoto. Humgusa kwa mgongo wa mkono tu, kisha anageuza uso. Roho iliniuma, na kusema kweli nilianza kuilaumu krimu yako. Nisamehe.

Kumbe! Siku moja nikamkuta anapaka, na papo hapo ananawa kwa sabuni.

"Mkono wenye mafuta haugusi shati jeupe la mtu," akaniambia.

Dobi ni dobi! Kutwa apake, anawe, apake, anawe. Madini yako yote yanaishia mtaroni. Panya wa humo wana ngozi laini kuliko bibi harusi.

Tukakubaliana: kazi ikiisha, mikono ikiwa bado na majimaji, apake, nami nimvishe mikononi soksi za shemeji yako. Ungemwona anavyokunywa chai kwa soksi! Nilicheka hadi mbavu zikauma, akaniahidi kofi.

Wiki tatu zikapita hivyo. Jana mchana akajipapasa shavu kwa kiganja. Akarudia. Kisha, bila kuniuliza, akamnyanyua mtoto kitandani, akampakata, mtoto akalala. Mara mvua ikashuka, na nguo za wateja zote zilikuwa kambani. Mama, ambaye hajawahi kuacha hata leso inyeshewe, hakuinuka.

"Zitakauka," akasema, machozi yanamtoka.

Babu anakusalimu sana, na shangazi pia, na shemeji yako anayedai soksi zake. Mungu akulinde, akurudishe kwetu salama. Mama alitaka kukuandikia mwenyewe, lakini anasema nikwambie mikono yake imejaa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.