Nimemkuta Mwingereza Kwenye Ukoo Wetu

Mpendwa Bi Alphonsine,

Naomba unisaidie kabla kichwa changu hakijapasuka, maana wiki ya tatu sasa silali vizuri wala sili, hata mama ameanza kuniuliza kama nina mimba, na sina mimba, nina tasnifu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, Mwakadia, yaani wa uzao wa Wafaransa wa kale wa pwani hii hii ya New Brunswick, nasoma fasihi na historia ya Kanada chuo kikuu, na nililichagua somo hilo kwa sababu wenzangu wa Toronto walikuwa wakiniuliza, "Nyie hasa ni nani, Wafaransa au Wakanada?" basi nikasema nitasoma mpaka nijijue, nikaamua kuandika juu ya ukoo wetu wenyewe.

Unajua kwetu tunavyotajana, kijiji kizima kina majina matatu ya ukoo, kwa hiyo mtu akikuuliza wewe ni wa nani unajibu mimi ni Rosemonde wa Gérald wa Aldéric, naye anakujua mpaka jiko lenu. Babu yangu Aldéric, ana miaka themanini na tisa, ndiye bingwa wa kutaja. Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu yetu Wakadia, kabla hatujatoka barabarani kugonga masufuria kwa shangwe, anasimama jikoni na kusema, "Mimi ni Aldéric wa Camille wa Onésime wa Fabien wa Maxime wa Prudent, aliyefichwa msituni na mama yake, wakati Waingereza walipowapakia watu wetu melini kuwafukuza nchini. Basi, inatosha." Wazee wengine huendelea mpaka kwa yule aliyetoka Ufaransa, babu huishia hapo, labda ni pumzi. Kisha anamgeukia mume wa shangazi, Wayne, ambaye ni Mwingereza wa huku huku: "Wayne, mwanangu, leo umekuja na meli ngapi?" Na Wayne anacheka, maana baada ya miaka thelathini atafanya nini?

Sasa Bi Alphonsine, mwezi wa sita nilikuwa kwenye hifadhi ya nyaraka za kale, nikafungua daftari la ubatizo la padri mmoja, nikasoma mara nne nikidhani macho yangu yana ukungu: Prudent, umri kama miaka minne, mtoto wa askari Mwingereza aliyekufa kwa homa, analelewa na mjane Marie-Osithe ambaye wanawe wawili walichukuliwa na meli, na amepewa jina la marehemu mumewe. Mtoto wa askari! Mwingereza mtupu!

Profesa wangu anafurahi kama aliyeokota dhahabu, anasema, "Rosemonde, hili ndilo la kufungulia tasnifu!" Binamu yangu Réjean, niliyemwonyesha nakala ya ukurasa huo kwa siri, anasema, "Choma hiyo nakala, we mwehu. Mzee akianguka kwa presha utamwambia nini shangazi?" Na babu mwenyewe, bila kujua lolote, kaniita akaniambia, "Msomi wetu, mwaka huu historia ya ukoo utaisoma wewe, ukumbini, mbele ya watu wote. Mimi sauti imeisha."

Nikisoma ile ya zamani nitakuwa mwongo, nikisoma ya kweli nitamuua babu yangu, na nikikataa wataniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe sijui tena mimi ni nani, juzi mama aliniwekea fricot, ile supu yake ya kuku na viazi, nikashika kijiko nikajiuliza kama nina haki nayo. Nifanye nini?

Rosemonde, aliyechanganyikiwa


Mwanangu Rosemonde (majina yote nimeyabadilisha, maana huku pwani gazeti hili linasomwa mpaka kwa kinyozi),

Pole sana. Lakini acha nikugombeze kidogo, kwa sababu umekaa chuoni miaka yote hiyo na daftari umelisoma nusu. Umeona neno Mwingereza ukapofuka. Mstari huo huo una mwanamke. Waingereza walimchukulia wanawe wawili, hakuwaona tena, kisha akaletewa mtoto wa askari wao, analia kwa lugha ile ile ya waliomvunjia nyumba, naye akamkalisha mezani na kumpa jina la mumewe. Mimi nimelia nikisoma. Nanyi kila mwaka mnataja wanaume sita, na yeye ni "mama yake" tu, hana hata jina! Kama mnatafuta aibu kwenye ukoo wenu, ni hiyo.

Unauliza wewe ni nani. Nani alikufundisha kusali, kutukana na kugonga sufuria? Hao ndio watu wako. Supu kunywa, tena omba uongezwe.

Sasa babu. Umeandika mwenyewe ukapita haraka: wazee wote wanafika Ufaransa, yeye anaishia kwa Prudent na kusema inatosha. Mzee mwenye pumzi ya kumtania Wayne jioni nzima hawezi kukosa pumzi ya majina mawili. Babu yako anajua, mwanangu. Kalibeba hilo peke yake miaka yote, na mwaka huu kaamua kumkabidhi mjukuu anayesoma madaftari ya zamani. Usinidanganye eti sauti imeisha.

Nenda kwake wiki hii, asubuhi, peke yako. Réjean abaki kwao na profesa asubiri. Usianze na "nimegundua." Muulize, "Babu, kwa nini unaishia kwa Prudent?" kisha funga mdomo, umsubiri hata kama chai itapoa. Akishasema yake, msomee nakala polepole. Tasnifu utaandika kweli, hilo hana haki ya kukuzuia. Ila ukumbi ni wake: akisema isisomwe, haisomwi.

Akikubali, simama tarehe kumi na tano uwataje wote sita, na ukifika kwa Prudent usiseme inatosha. Sema, Prudent wa Marie-Osithe. Halafu mpeni Wayne sufuria kubwa.

Bi Alphonsine