Mtihani wa Marudio

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu. Paa la jikoni limezibwa, na Baba ameshashonesha suti ya kuvaa kwenye mahafali yangu. Kila jioni anaijaribu mbele ya kioo, halafu anaivua taratibu.

Matokeo yametoka. Alama zangu zinatosha kabisa kuhitimu kwa heshima, daraja la kwanza. Lakini kuna sharti: usiwe umerudia mtihani wowote. Nami nilirudia mmoja, ule wa siku aliyofariki Mama.

Nilimweleza msajili wa chuo. Akanisikiliza, akavua miwani. "Pole sana, mwanangu. Ungeleta maombi ya kuahirisha kabla ya mtihani, ningekusaidia."

Kabla! Ningejuaje?

Baba hajui kuwa daraja hilo nimelikosa. Asubuhi ile alinisihi niende chuoni, kwamba yeye atabaki na Mama. Nikakataa, maana alikuwa amenishika mkono na hakutaka kuuachia.

Tafadhali mpigie simu umwambie wewe. Mimi sauti itanikatika. Akianza kusema Mama ndiye aliyeniponza, mkatize. Mwambie nilikaa kwa hiari yangu, na ningekaa tena.

Akupendaye daima,
Binti wa kaka yako