Mfungo wa Kina Mama wa Kola

Kola, 6 Machi 2006

Mwanangu Mbinya,

Habari ya Nairobi na kazi ya wodi? Mimi niko, ila nimechoka. Dawa zimefika. Lakini nieleze tena: njaa ya mwaka wa themanini na nne tuliikimbia tukila mizizi, leo hospitali inataka nilale njaa kwa kupenda? Shangazi yako Wanza anauliza nimekukosea nini.

Mwaitu

Nairobi, 14 Machi 2006

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Umeamkaje? Shangazi aachane na mimi! Sikiliza. Hiyo saratani ya titi ni mlafi, inakula sukari kuliko mwili wote. Dawa inaifungia mlango mmoja, wewe ukipunguza chakula unafunga wa pili. Jumatatu na Alhamisi tu, maji na mchuzi wa mboga. Siku zingine kula ushibe, tafadhali. Ni majaribio, hakuna aliyeniahidi kitu. Lakini ukishuka chini ya kilo arobaini na tano wanakutoa, na sijui pengine pa kukupeleka.

Binti yako, Mbinya

Kola, 2 Mei 2006

Mbinya wangu,

Natumai uko na afya. Uvimbe nikiushika naona umelegea, Mungu ni mwema. Nguo zimenipwaya kidogo. Kina mama wa kanisa wananiombea kila Jumatano na Ijumaa. Mambo ya kula usiniulize sana.

Mwaitu

Nairobi, 19 Juni 2006

Mwaitu,

Leo sina hata nguvu ya salamu. Kilo arobaini na moja! Uvimbe umepungua nusu, dawa ilikuwa inafanya kazi, na wamekutoa. Nzisa aliyekusindikiza kliniki ndiye ameniambia: kina mama wanaomba wakiwa wamefunga, na wewe unafunga nao. Siku nne kwa wiki! Mbona, Mwaitu?

Mbinya

Kola, 27 Juni 2006

Mwanangu,

Pole kwa kazi, na pole kwa mimi. Usiwakasirikie. Nzisa ananyonyesha, na bado alifunga kwa ajili yangu. Alikuja hapa midomo imemkauka, akapiga magoti akaniombea. Ningeinjika sufuria mbele yake kweli? Niliona haya. Na nilijua ukisikia utawakataza. Nimekosa, najua, na nimelia vya kutosha.

Sasa wamejaa hapa na uji na isyo ya mahindi na maharagwe, wanasimama wanione nikimeza. Chakula hakishuki.

Jumamosi uje, lakini usije na mizani. Najua kuna mama mwingine atapewa nafasi yangu. Mwambie siku ya kula ale, hata kama aliye mbele yake ana njaa.

Mwaitu