Ukurasa wa Maji ya Kisima

Abti, mjomba wangu mpendwa,

Salaam kutoka Garissa. Wiki ya tatu sasa hushiki simu yangu, ndiyo maana naandika. Naandika kwa Kiswahili, lugha ya daftari lako, na nakala nitaibandika kwenye ubao wa walimu hapa chuoni, mtu asidai nilikusema ukiwa hupo.

Ulinitoa Banissa nikiwa nimeishia darasa la sita, ukanipa karai. Wewe mwalimu wa uashi, mimi kibarua wa kuchanganya zege. Wanafunzi wakienda kula, ulifungua lile daftari la jalada jeusi ukanisomesha, kidole kikifuata mstari. "Soma, abti. Usikisie." Mgongo wangu sasa umechoka kabisa, lakini kurasa zile bado nazijua kwa moyo.

Walimu wenzako walilitaka, ukawanyima. "Kila mtu atafute lake." Kila mwalimu alikuwa na kabati, na kila kabati lilikuwa na kufuli.

Unakumbuka linta ya karakana, ile boriti ya zege juu ya mlango? Kipande kilianguka karibu na miguu yangu. Nondo za ndani zilikuwa zimeliwa na kutu, maana zege tuliichanganya kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama ukurasa wako ulivyoelekeza. Nilikuonyesha. Ukanicheka mbele ya vibarua: "Wewe fundi ama bolisi? Bandika simenti!" Nikabandika. Uliponivuta kando hukuwa unacheka tena. "Hii maneno iwache hapa, abti." Nikaiacha, mpaka ukastaafu na kurudi Wajir.

Siku hizi idara yako inaongozwa na Mwalimu Halima. Amefungua makabati yote. Maelezo ya kila mwalimu yanaingizwa kwenye kompyuta moja, wote wasome, na kila Alhamisi wanakaa kufundishana. Daftari uliniachia mimi, akaniomba. Nililipeleka nikijivuna.

Alhamisi hiyo mwalimu mmoja mgeni alisimama akausoma ukurasa wa maji ya kisima. Akasema vizuri, wiki ijayo wanafunzi wake wanamwaga linta za bweni jipya, watafuata hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mlangoni na karai langu. Nikalitua chini.

"Hapana, mwalimu. Hapo abti alikosea."

"Heh! Kibarua leo anasahihisha walimu?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Mwacheni," Halima akasema. "Sema, walaal, ndugu yangu."

Nikasema yote, na ile simenti niliyobandika kwa mkono wangu sikuificha.

Najua habari zilinitangulia. Mama ameniambia umesema huna tena mpwa Garissa. Hilo ni zito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Lakini walahi, abti, watoto wangepita chini ya linta zile kila asubuhi. Ningenyamaza vipi mara ya pili?

Halima alitaka kuuondoa ukurasa ule. Nilimkatalia, nikamwomba uachwe na jina lako, na chini yake pabaki nafasi tupu ya sahihisho. Pale hataandika yeye wala mimi. Alhamisi yoyote utakayokuja, kalamu watakupa.

Mimi, mtoto wa dada yako, hata ukikataa.